Fungu la Shamba

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nyama. Nyama ya nani? Ya wote walioitwa. Na asiyeitwa?

Ngojeni, mtamjua. Asiyeamini hadithi hii aende akalale na kuku. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunishika uongo.

Hapo kale aliishi Ngowa, mkulima aliyependa nyama kuliko usingizi. Alipochinja aligawa kwa adabu: shingo kwa mjomba, kidari kwa wakwe, maini kwa mkewe Nyevu. Mifupa na samadi akatupa mtoni. Vichaka akavichoma. Fahali wake, Kipaku, alimfunga kwa kamba fupi, akasimama kwenye tope mpaka magoti, kwani Ngowa aliamini ng'ombe akitembea mafuta humwagika njiani.

Mvua ikanyesha, akapanda mahindi. Hayakuota. Akaweka sikio chini, shamba likamuuliza, "Fungu langu liko wapi?"

Akachinja mbuzi, akafukia paja zima. Mbwa wakalifukua. Akapanda tena, hayakuota. "Fungu langu liko wapi?"

Akachinja mbuzi wa pili, akamwaga mchuzi shambani, na bizari yake. Sisimizi wakafanya karamu. Akapanda tena, hayakuota. "Fungu langu liko wapi?"

Ikabaki mbegu ya mahindi kibuyu kimoja tu. Nyevu akamwambia mumewe kuwa hiyo nayo ikipotea, watoto watakula hewa, na yeye atarudi kwao. Ngowa akaenda kukaa kando ya fahali, kichwa mikononi.

"Fungu lake ninalo mimi," Kipaku akasema. "Umelifunga kamba."

"Nikikufungua utakonda. Harusi ya binti yangu nitachinja nini?"

"Na hao wageni, bwana, nyama watailia ugali gani?"

Ngowa akafungua kamba.

Kipaku akala, akanya, akasogea. Akala, akanya, akasogea. Yangeyange wakaja kudonoa kupe. Dundu wakaja kuviringisha mavi na kuyazika. Vichaka havikuchomwa tena, nyuki wakarudi. Kipaku akala, akanya, akasogea, hadi akamaliza shamba zima na mvua nyingine ikafika.

Ngowa akapanda mbegu ya mwisho, akaweka sikio chini. Shamba likanyamaza, kama mtu mwenye chakula mdomoni.

Mahindi yalimpita kimo.

Basi, mla nyama, jua mnyama wako alisimama wapi, na ardhi iliyomlisha ipe chake. Hadithi imeingia zizini, nami nimefunga mlango.

Haya, msinitazame hivyo. Kuna mahali niliparuka. Harusi ilifika, na Kipaku alichinjwa. Kwani mlidhani alizeekea malishoni? Ngowa alimshika mwenyewe, hakutuma mtu.

"Umetembea?" akamuuliza.

"Nimetembea," Kipaku akajibu, akalaza shingo.

Siku hiyo Ngowa, mlafi yule, alikula kipande kimoja tu, akakitafuna mpaka wageni wakaondoka. Kisha akakusanya mifupa, akaenda kuifukia shambani.

Na wewe unayeguguna hapo nyuma, huo mfupa unautupa wapi?