Kinu Kilichouzwa kwa Mbuzi Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama watu walioshiba! Paukwa!

Pakawa!

Kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji chenye kinu kimoja cha kukamulia ufuta. Kinu cha mti wa mvule. Ng'ombe anakizunguka, nacho kinalia kwiii, kwiii, mafuta chururu! Hakikuwa cha mtu mmoja. Huyu alikata gogo, yule alichonga, huyu alipikia wachongaji. Mume wa Siwema aliangukiwa na gogo lile, akafa. Basi kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya mafuta, na Siwema mjane alilisha wanawe kwa zamu hiyo.

Mlinzi wa kinu alikuwa Mbwera, mtoto wa Bi Mashavu. Na Bi Mashavu ndiye ninayemsimulia: mwanamke mfupi, sauti ya chini, neno lake halipindi.

Siku moja Mbwera akasema, "Jamani, kinu kimeoza. Nimekiuza. Nimepata mbuzi wawili."

"Umemuuzia nani?"

"Mkwe wangu, Mzee Chandika. Kesho anakuja kukichukua."

Mbuzi wawili! Hata leo nikisema damu inanichemka. Watu wakanung'unika, nung'u, nung'u, nyumba hata nyumba. Vijana wakashika fimbo, wakaenda kwa Bi Mashavu.

"Bibi, mwanao ametuuza!"

"Ni mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nitamuuliza mimi. Wekeni fimbo chini. Fimbo haijui kuuliza."

Kesho yake Chandika akaja na wapagazi na kamba. Kijiji kizima kimezunguka kinu.

"Karibu, mkwe," akasema Bi Mashavu. "Eti kinu kimeoza?"

"Kimeoza, mama. Nakichukua kwa huruma tu."

"Na bei yake mbuzi wawili?"

"Tena nimezidisha!"

"Basi mimi natoa watatu. Nitakipasua kuni."

Chandika akakohoa, kho, kho. "Wanne."

"Watano!" akasema Siwema. "Nitakopa!"

"Sita!"

"Saba!" wakasema wachongaji.

"Ng'ombe!" Chandika akapiga kelele. "Natoa ng'ombe na ndama wake!"

"Mkwe," akasema Bi Mashavu taratibu, "huruma yako imenona."

Watu wakacheka, kwa, kwa, kwa! Bi Mashavu hakucheka. Akamshika mwanawe mkono, kama anayemvusha mto.

"Mwanangu, kuna nini hukutuambia?"

Mbwera akapiga magoti. "Mama, mahari yangu haijaisha. Mkwe alisema nikimpa kinu kwa bei hiyo, amenisamehe iliyobaki. Nisipompa, anamrudisha kwao binti yake Msiwa, mke wangu. Na Msiwa ana mimba, mama."

"Kumbe umeuza cha wote ulipe cha kwako."

"Niliona haya kusema."

"Haya hiyo ingewalaza njaa watoto wa Siwema."

Mbwera akainamisha kichwa. Bi Mashavu akawageukia watu.

"Kinu hakiuzwi. Mkwe atarudishiwa mbuzi wake. Ulinzi nampa Siwema, mkikubali. Nami niwieni radhi. Nimelea mtoto anayeogopa kuomba."

Siwema akaenda zake nyumbani. Watu wakadhani amekasirika. Mara huyo, anarudi na kikapu cha ufuta kichwani, akakitua miguuni pa Chandika, pwa!

"Hiki cha mahari ya Msiwa," akasema. "Haya, nani mwingine? Au mlijua kushika fimbo tu?"

Akaja mwenye kuku. Akaja mwenye jembe. Vijana wale wale wakaja na mbuzi. Chandika akahesabu, akaona aibu, akasema, "Imetosha." Mbwera akalia mbele ya watu wote, na mama yake akamfuta machozi kwa upindo wa kanga, mwanamume mzima na ndevu zake.

Sikilizeni basi. Cha wengi huuzwa mbele ya wengi, bei ikitajwa kwa sauti na mnunuzi akijulikana ni nani kwa muuzaji. Na mwenye shida aseme, watu wamo.

Hadithi yangu inakomea hapo. Ikiwa tamu, ileni nyote. Ikiwa chungu, niachieni mpishi.