Senkondo na Gogo Lisilo na Mwenyewe

Enyi watu wa Usembe, siku zile mtemi Mrutu alipoitawala milima hii kupitia nyumba saba za wakuu, kila moja na kazi yake na kigoda chake, kabla nyumba hii ya mlango mmoja haijajengwa, jambo la mwisho la kawaida kutokea bomani kwa Senkondo lilikuwa hili: mkewe Nakiete alimwonyesha jembe lake lililolegea mpini.

"Nitalikaza kesho asubuhi," alisema Senkondo.

"Kesho yako naijua, baba," Nakiete akamjibu huku akicheka. Akaliegemeza jembe kwenye mafiga, akaazima la jirani, akashika njia ya daraja la Mwasha kwenda kwenye shamba lake la maharage ng'ambo ya mto.

Senkondo huyu alikuwa mwana wa Mrindoko, na Mrindoko mwana wa Kiangi, yule aliyeyatoa maji msituni kwa mfereji wa kwanza. Walimwita Bega la Mvule, kwa kuwa mzigo wa wanaume wanne aliubeba peke yake. Alijua kwamba gogo la daraja la Mwasha limeoza, na alikuwa amekwenda kulisema miezi miwili kabla. Nyumba ya Miti ilitia mkato kwenye fimbo yake kuonyesha kwamba amefika, kama ilivyokuwa desturi, ikamtuma Nyumba ya Njia; Nyumba ya Njia ikatia mkato wake, ikamtuma Nyumba ya Mito; na hivyo hivyo mpaka fimbo ikawa na mikato sita. Nyumba ya saba ilimwambia arudi baada ya mavuno.

Alasiri ile gogo lilikatika, Nakiete akiwa katikati. Mto ulimrudisha siku ya tatu, mbali sana chini.

Senkondo alikaa matanga siku zote zilizotakiwa. Kisha akaingia mtoni, akalitoa gogo lililovunjika, akalitwika begani, akapanda nalo mpaka barazani kwa mtemi, siku ambayo wakuu wote saba walikuwa wameketi. Akalitua mbele yao.

"Gogo hili ni la nani?"

Sekiteri, mkuu wa Nyumba ya Njia, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikuwa wa kwanza kujibu. "Njia yangu inaishia ukingoni. Hilo ni mti."

"Mti ukishakatwa si wangu tena," alisema mkuu wa Miti. "Muulize mwenye mto."

"Mimi nina maji," alisema mwenye mto. "Gogo lilikuwa juu ya maji."

Senkondo aliwasikiliza wote saba mpaka wakamaliza. "Na kondoo wa daraja, anayechinjwa kila mwaka kabla ya mvua, ni wa nani?"

"Kidari ni changu!" alisema mkuu wa Miti.

"Paja la kulia," alisema Sekiteri, kabla hajaweza kujizuia.

Wakagawana kondoo yule pale pale kwa maneno, mpaka ini, mpaka ngozi. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Na kwato, wakubwa? Kwato mlimwachia nani?" Baraza zima likacheka, isipokuwa mtemi na mgane.

Mtemi Mrutu alisimama, akatamka: "Gogo halina mwenyewe, na kondoo ana wenyewe saba. Senkondo, nakupa nyumba zangu zote uzipange upya. Lakini mvua za mwaka ujao zikimchukua mtu hata mmoja kwenye madaraja yetu, utahama nchi hii."

Basi Bega la Mvule alizibomoa nyumba saba kwa mikono yake, na kwa nguzo zile zile akajenga nyumba moja yenye mlango mmoja, na gogo la Mwasha akalilaza liwe kizingiti; kule mtoni akaweka gogo jipya. Waliojua miti aliwaacha kwenye miti, waliojua kamba kwenye kamba. Waliojua kuketi tu aliwapa mashoka, nao wakanung'unika mpaka viganja vyao vikakomaa. Hakumfukuza mtu. Fimbo za mikato alizitia moto, akaweka sheria moja: "Aliyelipokea neno ndiye atakayelitembeza mpaka liishe. Mwenye shida aketi, apewe maji ya kunywa."

Mlangoni alimweka Sekiteri, awapokee watu. "Mgane huyu," Sekiteri alikuwa akiwaambia wapitao, "wenzake huoa mke, yeye kaoa nyumba." Senkondo alisikia, akaendelea na kazi.

Mvua zikaja kubwa kuliko za miaka yote. Asubuhi moja mama mmoja aitwaye Namkunda alifika mlangoni na mtoto mgongoni, akasema kamba za daraja la Kirenga zimeanza kuchanika. Mkono wa Sekiteri ulikwenda wenyewe kwenye kisu kiunoni, kutafuta fimbo ya kutia mkato. Fimbo haikuwepo. Akatazama chini, akaona amesimama juu ya gogo la Mwasha.

"Kaa hapo, mwanangu," alisema. "Limefika kwangu." Na kwa tumbo lake lote akakimbia kwa watu wa kamba, akakimbia nao mpaka Kirenga.

Adhuhuri kamba zilikuwa mpya. Alasiri mto ulishuka na mawe makubwa kama vibanda, na vijiji vitatu vya bondeni vikavuka juu ya daraja lile, watu na mbuzi, na wa mwisho kabisa alikuwa Sekiteri, akihema, bibi kizee wa watu mgongoni. Walipohesabiwa ng'ambo, hakukosekana hata mtoto. Ngoma zilipigwa mlima hadi mlima, naye mtemi akatangaza kwamba kesho yake Senkondo ataketishwa kwenye kigoda cha mkono wake wa kulia.

Kigoda kile hakikukaliwa na mtu. Waliokwenda kumtafuta walikuta shamba la maharage la Nakiete limelimwa lote mpaka msituni, na mwenye kulima hayupo, wala hakuonekana tena. Mvua zimekuja nyingi tangu hapo, na Usembe haujapoteza mtu darajani. Ndiyo maana kila anayeanza kuwatumikia watu hapa husimama kwanza juu ya kizingiti hiki kilichooza, akasema kwa sauti: "Limefika kwangu."

Na kuhusu Senkondo, jirani aliyeamka mapema asubuhi ile aliona haya tu. Senkondo alilitoa jembe la Nakiete kwenye mafiga, mahali lilipokaa mwaka mzima bila kuguswa. Alichonga kabari, akaukaza mpini, akaligonga jembe chini mara mbili kuhakikisha halichezi. Kisha akaliweka begani, akavuka daraja la Mwasha.