Chungu cha Kwanza cha Nakunda

Hapo zamani, na huyo anayetafuna muwa amalize kwanza, hapo zamani katika milima ya Upare aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Miaka arobaini alichoma vyungu, miaka arobaini alimeza moshi. Akapata ugonjwa wa mapafu usiopona. Akiinama kuokota mwiko, anahema. Akicheka, anakohoa mpaka machozi.

Mganga wa zahanati akamwambia, "Mama, mapafu haya hayatarudi kuwa mapya. Lakini ukikaa tu, utazidi kudhoofika. Tembea kidogo kidogo, kila siku."

Sasa, Nakijwa alikuwa na shimo la udongo wa kufinyangia, alilorithi kwa mama yake. Mila ya pale, shimo halirithishwi kwa maneno. Mama huenda kwa miguu yake, habebwi, akamwonyesha binti pa kuchimba. Mwanamume haruhusiwi kulikaribia. Mama akifa kabla ya kwenda, shimo linachukuliwa na ukoo mwingine. Binti yake, Nakunda, hakujua kazi nyingine duniani. Na chungu cha kwanza cha binti hupewa mtu aliyemfikisha mama shimoni. Mtu mmoja tu, maana chungu hakigawanywi.

Jirani wa Nakijwa, Nanzia, akaja asubuhi. "Dada, twende."

"Wapi, na pumzi sina?"

"Mpaka jikoni."

Wakaenda jikoni. Kesho yake, mpaka zizini. Keshokutwa, mpaka mgombani. Nanzia akamfundisha: vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobana, kama unapoza uji. Siku sitini hakukosa hata moja.

Senzota, mwana wa kiume wa Nakijwa, akaona mama akichoka hana pa kukaa. Akachonga vigoda, akaviweka njiani, kila hatua thelathini kigoda. Vikafika kumi na viwili, mpaka pale wanaume wanapokatazwa kupita.

Ikaja baridi, kifua kikambana. Nakijwa akajilaza, akageukia ukuta. "Sitembei tena. Niacheni."

Nanzia akabembeleza, wapi! Senzota akasihi, wapi! Ndipo akaja shemeji wa Nakijwa, Mbazi, na shemeji ni mtani. Akatandika mkeka mlangoni, akaanza kulia msiba: "Uwiii! Nakijwa ametutoka! Ugali wake ulikuwa mbichi, lakini tutaukumbuka!"

Loo! Nakijwa akainuka na mwiko, akamfukuza mpaka kigoda cha kwanza. Kesho yake akatembea tena.

Siku ya shimo ikafika. Vigoda vyote kumi na viwili akavipita. Zikabaki hatua hamsini, bila kigoda, na pumzi ikakata.

Nanzia akaogopa. "Turudi, dada, utatufia hapa."

Nakunda akapiga magoti. "Mama, udongo na uende. Mimi nakutaka wewe."

Nakijwa akainama, akashika magoti yake, akapoza uji usiokuwepo. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuzaa, si wewe uliyenizaa. Ondoka njiani." Akaenda hatua kwa hatua, akaingiza mkono shimoni. "Chimba hapa."

Nakunda akachimba, akafinyanga, akachomea mbali ili moshi usimfikie mama. Akaja na chungu uani.

Nanzia akasema, "Ni changu. Siku sitini nimetembea naye."

"Lakini wewe ndiye uliyesema mrudi," akasema Senzota. "Ni changu mimi. Bila vigoda asingefika hata nusu ya njia."

"Na vigoda vyako viliishia wapi?" akauliza Mbazi. "Alipokata tamaa, nani alimtoa kitandani?"

"Wewe ulikuwa unafanya mzaha!" akafoka Nanzia.

"Nilipiga kelele vile ili asijue kwamba nalia kweli," akasema Mbazi.

Nakijwa naye akasema kutoka kigodani, "Na miguu ilikuwa ya nani?"

Basi Nakunda akasimama katikati yao, chungu mikononi. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu hujibu haraka kisha wakajuta. Kesho asubuhi mama yake anatakiwa kutembea tena, na keshokutwa tena, siku zote atakazojaliwa, na peke yake hawezi. Atakayeondoka na kinyongo huenda asirudi.

Mimi ninachokijua kimeishia hapo. Haya, nyinyi wajuaji: mngekuwa Nakunda, chungu kile mngempa nani?