Hondohondo na Ahadi ya Mvua Mpya

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo ni pakawa ya watu walioshiba kupita kiasi. Nipeni nyingine. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mmeniitikia. Watoto, sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmekuja kuwachukua watoto, sogeeni vilevile, nawajua.

Hapo zamani, zamani hasa, kabla nyanya yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, kina matundu kila upande. Mchwa wenyewe walikwisha kukihama. Ndani yake wakaishi nguchiro. Nguchiro mnamjua: mwili mwembamba, pua haitulii, anaichomeka kila mahali kama jirani yangu mmoja ambaye simtaji. Yupo hapa hapa. Simtaji.

Kwa nguchiro, mkubwa wa ukoo ni mwanamke. Naam! Msigune, wanaume. Na mkubwa wa ukoo ule aliitwa Mama Nguchiro. Akisema twende, wanakwenda. Akisema turudi, wanarudi.

Ukoo ule ulikuwa na mfanyakazi. Naye ni Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama upawa. Kazi zake zilikuwa mbili: asubuhi kuwaamsha, mchana kuwalinda. Jua likichomoza alitua juu ya kichuguu, pu! Akaingiza mdomo tunduni, akaimba:

Kwo, kwo, kwo! Kumekucha, tokeni!
Juu nimetazama, tokeni!
Chini nimetazama, tokeni!

Nguchiro wakatoka mmoja mmoja, wanapiga miayo. Wakaenda majanini kutafuta wadudu. Hondohondo akawafuata kwa juu, mti kwa mti. Wao wakichakura, panzi wanaruka. Panzi akiruka, Hondohondo anadaka, kap! Huo ndio ulikuwa ujira wake. Na mwewe akitokea angani, Hondohondo alipiga yowe, "Kwaa! Kwaa!" Nguchiro wote shimoni, tifu!

Alifanya kazi hiyo miaka na miaka. Mama Nguchiro mwenyewe, siku ya kwanza alipotoa pua nje ya shimo, macho yamefumbuka juzi tu, kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa mdomo ule. Akalia. Hondohondo akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Mdomo huu haukuli. Huu ni wa kukuamsha." Tangu siku ile akamwita babu.

Basi, Hondohondo akazeeka. Macho yakaingia ukungu.

Siku moja jani lilianguka mtini. Akapiga yowe, "Kwaa! Kwaa!" Wote shimoni, tifu! Wakakaa humo na njaa mpaka adhuhuri, wanalikimbia jani. Wakacheka sana. Siku nyingine akalipigia yowe wingu. Wakacheka kidogo. Siku ya tatu mwewe alikuja kweli. Alikuja chwiii! Hondohondo alikuwa ameelekeza uso huko huko anakotokea mwewe, na hakuona kitu. Mwewe akamnyakua mtoto mmoja, Pandu. Pandu akafurukuta, akamng'ata mwewe kidole, mwewe akamwachia. Paa! Chini. Hakufa. Lakini mguu wa nyuma ulivunjika, akawa anachechemea.

Siku hiyo hakucheka mtu.

Mama Nguchiro alikuwa na mdogo wake, Chiku, mwenye ulimi. Chiku akamjia.

"Dada, yule mzee aondoke."

"Nitaona."

"Utaona? Afadhali wewe unaona. Yeye haoni."

"Chiku, ulimi wako huo!"

"Ulimi wangu haujavunja mguu wa mtoto. Mwachishe kazi, dada. Humwachishi, sisi wenye watoto tunahama."

 Mama Nguchiro alijua mdogo wake amesema kweli. Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa mvivu yule mzee, angemfukuza kwa matusi na usiku akalala fofofo. Angekuwa mwizi, angemfukuza kwa mawe. Sasa mtu hakuiba, hakuchelewa, hakujibu vibaya hata siku moja. Amezeeka tu. Utamwanzaje?

Sasa, nguchiro walikuwa na desturi yao. Kwao ilikuwa aibu mkubwa kutamka neno chungu kwa mdomo wake mwenyewe. Neno la posa hupelekwa na mshenga, sivyo? Basi kwao hata neno la kufukuza lilipelekwa na mshenga. Mama Nguchiro akamwita Ngiri, akamfundisha maneno, akamtuma. Ngiri akaenda, mkia juu. Jioni akarudi.

"Umemwambia?"

"Tumeongea sana, Mama. Mzee yule ana hadithi!"

"Umemwambia?"

"Anakusalimu. Anamuulizia Pandu. Kamchumia dawa ya mguu, majani haya."

"Ngiri! Umemwambia au hukumwambia?"

"Mama wee! Mtu kakubebea dawa mdomoni, kaishika hivi, utamwambia umefukuzwa? Mimi siwezi. Nenda mwenyewe." Akakimbia zake, puruu!

Mama Nguchiro akaenda mwenyewe. Njia nzima anajisomea, "Babu, kazi imekwisha. Babu, kazi imekwisha." Maneno matatu tu, jamani. Akamkuta kwenye mgunga mkavu, ng'ambo ya kijito.

"Karibu, mwanangu. Pandu hajambo?"

"Hajambo kidogo."

"Siku ile sijui jua lilinipiga machoni? Hata sielewi."

"Babu..."

"Naam, mwanangu."

"Babu, umefanya kazi sana."

"Sana."

"Sasa... upumzike."

Hondohondo akageuza kichwa. Akamtafuta kwa jicho lile la ukungu. "Nipumzike vipi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama Nguchiro akafungua mdomo, na maneno matatu yote yakamkimbia. Akasema, "Upumzike kidogo tu, babu. Mvua mpya zikinyesha, nitakuita."

"Aah! Kumbe mapumziko! Umenitisha, mtoto wewe. Nilivyokuona unakuja unasitasita, nikasema leo nafukuzwa." Akacheka, kwo kwo kwo!

Na Mama Nguchiro akacheka naye. Alicheka, nawaambieni. Namlaumu kwa mengi, lakini kwa kicheko kile namlaumu zaidi.

Akarudi kwao. Chiku akauliza, "Ameelewa?" Akajibu, "Ameelewa."

Kesho yake akaajiriwa Mramba, ndege mweusi mwenye mkia wa panda mbili. Kijana, mkali wa macho, maneno mengi. Msimchukie bure, kazi aliijua. Mwewe akiwa bado nukta kule mbali, Mramba keshapiga kelele. Watoto wakawa salama. Uamuzi ule haukuwa na kosa.

Lakini Mama Nguchiro hakupata raha. Kila akitoka shimoni asubuhi, mbele yake mgunga mkavu. Juu ya mgunga, Hondohondo. Amekaa kaelekeza uso kichuguuni, amejipanga manyoya, anajaribu sauti. "Kwo... kwo..." Kidogo kidogo, asije akaisahau. Akisikia majani yanacheza, anaita, "Ni wewe, mwanangu? Usijali! Napumzika!"

Mama Nguchiro akachimba tundu jingine nyuma ya kichuguu. Mkubwa wa ukoo mzima, anatokea mlango wa uani kwake mwenyewe! Chakula kikamshinda. Anamtafuna mbawakawa mmoja tangu asubuhi mpaka jioni. Manyoya yakampwaya. Watu wakasema anaumwa, wengine wakasema ana mimba. Mimi nisingesema hivyo, lakini walisema.

Jua likawaka. Nyasi zikawa manjano, kisha kijivu, kisha hakuna. Panzi wakaisha. Hondohondo akapungua, akabaki mdomo na macho.

Siku moja ikasikika fyuu, fyuu, fyuu. Mabawa mengi. Ni hondohondo wengine, ukoo wake, wanahamia mlimani kwenye matunda. Wakatua kwenye mgunga. Mama Nguchiro alikuwa karibu, nyuma ya kichaka, akasikia yote.

Dada yake Hondohondo akasema, "Kaka, inuka twende. Mlimani kuna matunda, kuna maji. Tutakuweka katikati yetu, utafuata sauti za mabawa. Hutapotea."

"Siwezi, dada. Nina kazi."

"Kazi gani? Umekaa juu ya kijiti unahesabu upepo!"

"Nimepumzishwa, kijana ananishikia zamu tu. Mvua mpya zikinyesha, naitwa. Nikiondoka, nani atawaamsha?"

"Una hakika utaitwa?"

"Mkubwa mwenyewe aliniahidi. Yule nimemlea. Hawezi kunidanganya."

Sikilizeni hapa, wenye masikio. Mama Nguchiro alisimama nyuma ya kichaka kile. Hatua tatu tu zilikuwa zimebaki. Angetoka, akasema, "Babu, nenda nao. Sitakuita," mzee angelia, lakini angekwenda. Akanyanyua mguu mmoja. Akaurudisha. Akasema moyoni, mbele ya watu wake wote hawa nitamwaibisha. Uongo! Aliyekuwa anaogopa aibu alikuwa yeye.

Wale ndege wakangoja, wakangoja. Wakaondoka. Fyuu, fyuu, fyuu. Wakaisha. Hondohondo akabaki peke yake.

Nayo mvua ikaja. Mvua gani! Ngurumo, gu-gu-gu! Usiku kucha. Asubuhi ardhi inatoa mvuke, kumbikumbi wanaruka kila mahali. Nguchiro wakashangilia. Mara, pu! Juu ya kichuguu. Na sauti nyembamba ikaingia tunduni:

Kwo, kwo, kwo! Kumekucha, tokeni!
Juu nimetazama, tokeni!

Wakatoka. Wakamwona Hondohondo ameloa chapachapa, amekonda, anatetemeka, anafurahi. "Mwanangu! Mvua hizo! Nikasema nisingoje uniite, njia imejaa tope, utachafuka. Haya, tunaanzia wapi leo?"

Nguchiro wote wakamgeukia Mama Nguchiro. 

Mramba, juu ya tawi, akacheka. "Mzee, unaanzia wapi nini? Mimi hapa ndiye..."

"Nyamaza!" Mama Nguchiro akamkaripia. Chiku akamnong'oneza dadaye sikioni, "Mwambie mvua za mwakani. Atakwenda tu." Na maneno yale yalikuwa matamu, nawaambia. Yalikuwa yamekwisha kufika ulimini.

Mama Nguchiro akamtazama yule mzee. Akaona mifupa.

"Babu," akasema, "kazi imekwisha. Ilikwisha siku ile. Nilikudanganya."

Hondohondo hakupiga kelele. Maji yalimdondoka mdomoni, to, to, to.

"Ni kwa sababu ya macho?"

"Ni kwa sababu ya macho, babu. Na mguu wa Pandu."

"Hiyo ni haki. Mimi mwenyewe ningejiachisha."  Kisha akauliza swali moja. "Wenzangu walipopita, ulijua?"

"Nilikuwepo. Nyuma ya kichaka."

"Nyuma ya kichaka," akasema Hondohondo. "Siku ile nilikuwa na nguvu za kuruka. Siku ile nilikuwa na wa kumfuata."

Mama Nguchiro akaanguka chini, akalia. "Kaa nasi, babu! Usifanye kazi yoyote. Utakula, utalala, tutakulisha sisi."

"Nikae nikisikiliza mwingine anawaamsha? Hapana, mwanangu."

Bado alimwita mwanangu. Heri angemtukana.

Hondohondo akakunjua mabawa. Akaruka, pu... pu... pu... kwa shida. Lakini akashika njia ya tambarare, kwenye jangwa tupu, mlima akauacha upande wa kulia. Mama Nguchiro akapanda juu ya kichuguu, akasimama kwa miguu miwili, akapiga yowe, "Babu! Siyo huko! Mlima uko kulia! Kulia, babu, kulia!"

Mzee alisikia. Macho yalikufa, masikio yalikuwa mazima. Alisikia, na hakugeuka. Nani angegeuka? Maneno ya mama yule alikwisha kuyafuata mara moja. Akaenda moja kwa moja mpaka akawa nukta, na nukta ikaisha.

Alifika mlimani? Sijui. Aliyenihadithia hakujua. Na Mama Nguchiro hakujua mpaka anakufa. Kila asubuhi alipanda juu ya kichuguu, akasimama kwa miguu miwili, akatazama huku, akatazama kule. Watoto wake wakaiga, na watoto wa watoto wake wakaiga. Ukipita porini asubuhi ukamkuta nguchiro amesimama wima anatazama mbali, usidhani anakushangaa wewe. Anamtafuta babu.

Haya, nyinyi wakubwa mliojificha nyuma ya watoto, hili ni lenu, na mwenye wafanyakazi alisikie mara mbili. Kuna siku mtu lazima aachishwe kazi, na mwenye kumwachisha ataumia. Aumie. Lakini amwambie kweli, amwambie mwenyewe, na amwambie mapema, mwenzake angali na nguvu za kwenda kwingine. Ukimpa mtu ahadi ya uongo ili wewe usione machozi yake, umemfukuza mara mbili.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo, haiinuki tena. Aliyeipenda aende nayo kwake, na iliyemchoma asinitazame mimi.