Majukwaa ya Diwani Kifaru

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa barabara.
Apite nani?
Mwenye pembe.
Na sisi je?
Tusubiri!

Barazani walikuwepo Diwani Kifaru bin Pembe, mwenye barabara. Karani Kasuku, mwenye kuitikia. Mzee Kobe wa Magamba, aliyeomba kikao. Bi Kanga binti Madoa, mwenye vifaranga. Na Nguchiro wa Kichakani, mwenye baiskeli iliyopinda.

Kila asubuhi vifaranga wa Bi Kanga walivuka barabara kwenda kunywa maji. Kila asubuhi Kifaru alipita, vuuu! gududu! Juzi alipita, vuuu! gududu! na kifaranga mmoja hakufika ng'ambo.

"Diwani, punguza mwendo," alisema Kobe.

"Wewe ongeza wako!"

"Ongeza wako!" akaitikia Kasuku.

Kifaru akacheka mpaka tumbo likatikisika. Nguchiro akapiga kengele, kring!

"Mzee Kobe amekosea. Barabara ni ya Mheshimiwa."

"Mnafiki we!" alisema Bi Kanga, machozi yakimlenga.

"Ila tatizo," akaendelea Nguchiro, "Mheshimiwa anapita mbio, hatumwoni. Jana mgeni kaniuliza, 'Yule anayekimbia ni mwizi?' Nikaona haya."

Kifaru akatoa macho. "Mwizi? Mimi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tukujengee jukwaa la udongo mbele ya kila mlango, kutoka ukingo mpaka ukingo. Unapanda taratibu, tunakuona, unashuka."

"Na wa kunishangilia watasimama wapi?"

"Kandokando. Tuinue njia pande zote mbili. Barabara itapungua upana kidogo."

"Ipungue! Nataka washangiliaji wengi!"

"Washangiliaji wengi!" akaitikia Kasuku.

Hapo Bi Kanga akaelewa. Akaficha uso bawani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Majukwaa yakajengwa. Watu waliyaita matuta, Diwani asipokuwepo. Hata leo Kifaru hupanda, gudu, hupungia watu, hushuka, gudu. Bwege yule anadhani ni gwaride. Mbele yake vifaranga huvuka wakimpigia mabawa, na pembeni Nguchiro humpita kwa baiskeli, kring! kring!

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

"Marahaba! Umeniona?"

"Nimekuona, nimekuacha!"

Hadithi yangu imevuka. Aliye ng'ambo aipokee.

Fundisho: watoto, washukuruni wakubwa. Bila Diwani kuwahurumia waendao kwa miguu, matuta yangetoka wapi?

Mzee Kobe wa Magamba amefariki Alhamisi, kitandani kwake, si barabarani, kwa uzee.