Kwa Nini Chapati ya Wimbi Ina Macho

Hapo zamani, huko kwenye milima yenye ukungu, hakukuwa na mtu aliyejua chapati. Unga wa wimbi ulikuwa wa uji tu. Asubuhi uji, jioni uji, na mgonjwa naye uji.

Ndipo Wakesho alipofiwa na mumewe. Nyumbani akabaki na mama mkwe wake, Mkawasi, ambaye tangu amzike mwanawe huyo wa pekee hakutaka kuonja kitu. Hakulia, hakulalamika. Alijilaza tu kwenye mkeka, akielekea ukutani.

"Kunywa kidogo, mama," Wakesho alimbembeleza.

"Koo limefunga, mwanangu. Niache."

Wakesho hakuwa na mtu mwingine duniani. Asubuhi moja alichukua kibuyu cha unga aliokuwa ameukoroga na kuulaza, akakuta umechacha na kuumuka. Hakuwa na unga mwingine. Akabandika chungu, na kabla hajamimina, chungu kikapasuka vipande viwili juu ya mafiga. Akasimama na kibuyu mkononi, machozi yakimlengalenga. Kando ya moto palikuwa na jiwe bapa, limepata moto kweli kweli. Kwa kukata tamaa, akamimina unga kidogo juu yake.

Unga ulichachatika, ukatandaa, ukawa duara. Kisha katikati pakafunguka tundu dogo likatoa pumzi. Likafunguka la pili, na mengine, hadi uso wote ukajaa macho. Wakesho alirudi nyuma.

Mkawasi aligeuka kutoka ukutani. "Wakesho, ni nini hicho kinachopumua?"

"Sijui, mama. Kinatutazama."

Bibi kizee akajikokota hadi karibu na moto. Wakatazama wote wawili, kimya, mpaka jicho la mwisho likafunguka na mvuke ukatulia. Wakesho hakuthubutu kukigeuza. Aliogopa kuyafumba yale macho.

"Nipe," alisema Mkawasi.

"Mama, hatujui kama kinalika!"

"Nipe, nimekwambia."

Wakesho akakipaka asali. Asali ikazama ndani ya macho, ikapotea. Mkawasi akakunja, akauma, akatafuna taratibu. Ghafla akaangua kilio, akamwita mwanawe kwa jina, akalia huku akila, akala huku akilia. Alipomaliza, akajifuta uso.

"Kingine," alisema. "Hiki nitilie kunde."

Harufu ikawaita majirani, nao wakaja wakashuhudia jiwe likiumba macho.

Ndivyo ilivyo mpaka leo huko milimani: chapati ya wimbi huiva upande mmoja, haigeuzwi. Mwenye kupenda utamu hukunjia asali, mwenye kupenda chumvi hukunjia kunde. Macho yanapofunguka, hata wasemaji hodari hunyamaza. Na ile ya kwanza kutoka motoni hailiwi na mpishi wala watoto wake. Hufunikwa kwa jani la mgomba, ikapelekwa mbio, ingali moto, kwenye nyumba yenye msiba.