Kumi na Sita Kando ya Jina Lake

Mficha uchi hazai. Wazee waliotuachia methali hii hawakuwa na nia ya kututukana. Walikuwa wameona kwamba mwanamke anayemwonea haya mkunga huhatarisha roho yake na ya mwanawe. Maana yake ni kuwa mwenye shida asiyetaka ijulikane hapati msaada, hata kama msaidizi amesimama mbele yake na mikono iko tayari. Sisi wengine ni hodari wa kuwapa wenzetu methali hii. Ya kwetu wenyewe huwa tunaikumbuka maji yakishamwagika.

Hakuna aliyeitamka mara nyingi kama mkunga mmoja ambaye hospitali nzima ilimwita Sista. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi, yenye vitanda kumi na vinane na saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika saba bila mtu kuthubutu kuirekebisha. Madaktari vijana walimwogopa kuliko mganga mkuu. Mjamzito akijikunyata na kuvuta shuka, Sista alimwambia, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Sema." Nao walisema.

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ua wa michongoma, kulikuwa na uwanja wa gofu. Mfamasia wa hospitali, kijana mpole aliyependa mchezo huo kupita kiasi, ndiye aliyemvusha Sista barabara kwa mara ya kwanza, mwaka mmoja baada ya Sista kufiwa na mumewe. Alimpa fimbo, akamwambia ajaribu. Mikono ile iliyozoea kupokea watoto ilijua kukamata kitu bila kukibana. Mpira uliruka, ukanyooka, ukatua mbali kiasi kwamba Mfamasia alivua kofia. Siku ile Sista alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata tangu msiba. Kuanzia hapo uwanja ukawa wake. Pale hakuna aliyemwita kwa mayowe, wala hakuna aliyekuwa akifa.

"Sasa sikiliza hesabu yake," Mfamasia alimwambia siku hiyohiyo. "Kila shimo lina pari yake, yaani mapigo ambayo bingwa anatarajiwa kutumia kuutia mpira shimoni. Hili pari yake ni nne. Ukitumia tano umezidi moja, ukitumia tatu umeokoa moja. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Halafu kuna hendikapu. Kamati ya klabu ikiziona kadi zako za mapigo itakupangia idadi ya mapigo ya kukupunguzia mwishoni, ili mnyonge aweze kupambana na hodari. Umeelewa?"

Ya pari aliielewa vizuri. Ya hendikapu ilimpita juu ya kichwa kama ndege. Alifungua kinywa aulize, lakini hapo nyuma ya ua walikuwa wakipita wanafunzi wawili wa uuguzi ambao asubuhi ile aliwagombeza hadi machozi yakawalenga: "Asiyejua aulize, msinifanye mjinga!" Sasa aonekane yeye anafundishwa kujumlisha na kutoa kama mtoto wa chekechea?

"Nimeelewa," alisema upesi.

Baadaye jina lake lilipobandikwa kwenye ubao wa klabu, kando yake kulikuwa na namba kumi na sita. Sista aliitazama, akaridhika. Wodini kila mgonjwa ana namba ya kitanda. Bila shaka huku kila mchezaji ana namba ya orodha. Mara mbili katika mashindano madogo alitangazwa mshindi ilhali kwa hesabu yake alikuwa ameshindwa. Alidhani mpinzani ameadhibiwa kwa kosa fulani, akapiga makofi pamoja na wengine. Mtu mzima na akili zake, mara mbili, na bado hakuuliza!

Sasa tufike kwenye Jumamosi yenyewe. Sista alikuwa akicheza kwa kadi ya mgeni, na kadi hiyo huisha baada ya miaka mitatu. Yake ilikuwa inaisha siku hiyo. Klabu ilitoa nafasi moja tu ya uanachama wa kudumu kwa wageni wote, nayo iligombewa kwa mashindano. Walikuwa wamebaki wawili, Sista na mwalimu wa michezo wa shule ya sekondari, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Atakayeshinda angekuwa mwanachama. Atakayeshindwa angerudisha kadi na kuutazama uwanja kupitia michongoma.

Mashimo kumi na saba yalikwisha wakiwa wamekabana koo. Jua lilikuwa limepanda, na Sista alihisi glovu ikimganda kiganjani. Alijumlisha moyoni, akarudia, akarudia tena. Mwalimu alikuwa ametumia mapigo themanini na manne, yeye themanini na sita. Nyuma kwa mawili! Limebaki shimo moja!

Msomaji, wewe hebu hesabu kama wanavyohesabu wenye mchezo. Kando ya jina la Mwalimu palikuwa na kumi na moja, kando ya jina la Sista kumi na sita. Toa kila mmoja chake: Mwalimu anabaki na sabini na tatu, Sista sabini. Mkunga wetu hakuwa nyuma hata kidogo. Alikuwa mbele kwa mapigo matatu, na kila mtu uwanjani alilijua hilo isipokuwa yeye.

Shimo la mwisho pari yake ilikuwa tano, na mbele ya kibendera kulikuwa na bwawa pana lenye matete. Wote wawili waliufungua mchezo vizuri. Kwa pigo la pili Mwalimu alichukua fimbo fupi, akautua mpira kando ya maji, upande wa huku. Akageuka akitabasamu.

"Dada, leo umeninyoosha," alisema. "Mimi namalizia tu ratiba."

Sista alihisi damu ikimchemka. Ananidhihaki, alijisemea. Yuko mbele kwa mawili, halafu ananisanifu machoni!

Mfamasia, ambaye ndiye aliyembebea mfuko wa fimbo, alimsogelea. "Chukua fupi, Sista. Tua pale alipotua Mwalimu, kisha uvuke taratibu. Usitafute makuu."

Fupi? Mtu aliye nyuma atashindaje kwa fimbo fupi? Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Kwa nini fupi? Maneno mawili tu. Mfamasia alimwona akisita.

"Sista, unajua umesimama wapi, sivyo?"

Watazamaji walikuwa wamesogea karibu. Miongoni mwao walikuwamo wauguzi sita wa wodi yake waliokuja na vitambaa vya kupungia. Sista aliwatazama.

"Najua," alisema. "Nipe ile kubwa."

Mfamasia alishika mfuko kwa mikono miwili kana kwamba anamlinda mtoto. Lakini fimbo ni ya mchezaji, akampa. Sista alipanga miguu, akavuta pumzi, akapiga. Mpira ulipaa vizuri, ukapoteza nguvu katikati ya bwawa, ukazama. Wauguzi waliguna kwa pamoja. Mpira ukizama huongezwa pigo moja la adhabu, kwa hiyo sasa alikuwa na matatu.

Hata hapo mlango haukuwa umefungwa. Angepiga fupi, akavuka, akatulia, angemaliza kwa saba na nafasi ingekuwa yake. Mfamasia alijua hivyo, na jasho lilikuwa likimtoka kuliko mchezaji mwenyewe.

"Sista, bado unayo! Piga fupi tu. Hesabu yako unaijua, au nikukumbushe?"

Nikukumbushe! Mlango ulikuwa wazi, na mtu amesimama akiushikilia. Lakini Sista alisikia tu mnong'ono wa wauguzi wake nyuma, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nimekwambia naijua!"

Akapiga tena kwa ile kubwa. Safari hii alitumia nguvu za hasira, na mpira haukufika hata katikati. Maji yalitoa sauti ndogo, yakatulia. Alikuwa na matano. Alipiga la sita kwa ukaidi uleule, likavuka na kuangukia majani marefu nyuma ya kibendera. La saba lilimtoa majanini. La nane lilipita kando ya shimo kwa upana wa kidole. La tisa liliingia. Mwalimu alikuwa amekwisha kumaliza kwa tano.

Mezani alikaa msimamizi, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliwauliza kama kadi zao za mapigo ziko sahihi, akaangalia saini, akasoma kwa sauti.

"Mwalimu, themanini na tisa. Toa kumi na moja, sabini na nane. Sista, tisini na tano. Toa kumi na sita, sabini na tisa. Mwalimu ameshinda kwa pigo moja."

"Samahani," Sista alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo kumi na sita unaitoa kwa nini? Si namba yangu ya orodha?"

Mwalimu, aliyekuwa ameinama akifungua kamba za viatu, aliacha mkono hapohapo. Msimamizi alivua miwani. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimweleza polepole, kwa kidole juu ya kadi, jambo ambalo lilihitaji dakika mbili tu na lilikuwa limesubiri miaka mitatu.

"Kwa hiyo, kabla ya lile shimo..." Sista hakumaliza.

"Ulikuwa mbele kwa matatu, mama. Hata kwa mapigo saba ungeshinda."

Mwalimu alimkumbatia. "Dada, mimi nilikwambia umeninyoosha! Nilishakata tamaa, wallahi."

Mfamasia alikuwa amesimama na ule mfuko begani. "Sista, nilikuuliza," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza, mwanangu," alijibu. "Mimi ndiye niliyejificha."

Akatoa kadi ya mgeni mfukoni, akaiweka mezani, akapokea mfuko wake wa fimbo. Alitembea hadi langoni bila kugeuka, na alipofika upande wa pili wa barabara alilia, tena bila kujizuia. Nyumbani aliuegemeza mfuko wa fimbo nyuma ya mlango wa jikoni, na kila aliposhika komeo ulimgonga kisigino.

Jumatatu asubuhi kitanda cha tisa kilikuwa na mshonaji wa nguo, binti wa mimba ya kwanza, aliyeletwa na mama mkwe wake kwa sababu ya "uchovu". Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Sista alimpima binti, akamuuliza maswali yote ya kawaida. Maumivu? Hapana. Damu? Hapana. Kuna kitu chochote kimebadilika? Hapana, Sista.

"Dalili za hatari nilizokueleza, umezielewa?"

"Nimeelewa," binti alisema upesi.

Kalamu ya Sista ilisimama. Aliijua sauti ile. Aliitoa yeye mwenyewe, kwa upesi uleule, siku ya kwanza kwenye nyasi na mara mbili kando ya bwawa. Kinywa kilianza kutamka methali yake ya kila siku, kikashindwa. Badala yake alivuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia yule binti mambo yote: namba kumi na sita, wauguzi sita, bwawa, pigo moja. Alisimulia bila kujipendelea. Nyuma ya pazia wauguzi walisikia kila neno, naye akawaacha wasikie.

Binti alimsogelea karibu.

"Sista," alinong'ona, "najikojolea. Tangu juzi. Nimevaa khanga mbili ndani. Mama mkwe asijue, tafadhali."

Sista alishika shuka kwa upole, akaangalia, akanusa. Haukuwa mkojo. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka na maji yalikuwa yakivuja kwa siku mbili, na joto la mwili lilikuwa limeanza kupanda. Aliita daktari kwa sauti ambayo wodi nzima iliifahamu. Dawa zilichomwa, chumba kikaandaliwa, na hata saa ile iliyokwenda mbele ilionekana kuchelewa. Mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka mara mbili, na mara zote mbili binti alisema mara moja alichokuwa akikisikia, bila kuficha hata kidogo.

Saa saba mchana mtoto wa kike alilia. Sista alimpokea kwa mikono iliyojua kukamata bila kubana, akamlaza kifuani pa mama yake.

"Siku mbili zaidi ungemkosa," alimwambia. "Umefanya vizuri kusema."

Kisha alinawa mikono, akasimama dirishani. Ng'ambo ya michongoma Mwalimu alikuwa akijiandaa kupiga kwenye shimo la kwanza. Binti wa kitanda cha tisa alivua aibu yake, akapata mwana. Mkunga aliikumbatia ya kwake miaka mitatu, akaupoteza uwanja kwa pigo moja. Mficha uchi hazai.